Daraja la Brooklyn na Mke Aliyelisimamia

Mama akipata bahati ya kufika New York, wenyeji wake humpeleka kwanza madukani, kisha humwonyesha Sanamu ya Uhuru kwa mbali, na siku ya tatu huanza kufunga mizigo. Hatusemi hayo ni mabaya. Lakini katika jiji hilo pana mahali pasipo na kiingilio wala haja ya mwongozaji, na mtu hutoka hapo akiwa na jambo la kupeleka nyumbani kwake. Mahali hapo ni Daraja la Brooklyn. Sisi tulilitembelea mwezi Mei, 2024, nasi tumeona vema tuwashirikishe wasomaji wa ukurasa huu yale tuliyoyaona.

Tulikuwa kina mama wanne wa umoja wa wanawake wa usharika mmoja. Tulikwenda kwa ajili ya harusi ya binti wa mwenzetu, anayeishi Jersey City, mji ulio ng'ambo ya mto Hudson, ambako Kiswahili husikika kwenye maduka na vituo vya basi kwa sababu ya Wakenya na Watanzania wanaoishi huko. Wawili kati yetu tu wauguzi. Mkubwa wetu kwa umri, ambaye wote tunamwita Dada Mkubwa, alikuwa nusura asisafiri. Mumewe alipatwa na kiharusi miaka sita iliyopita, na tangu wakati huo hajawahi kulala mbali naye hata usiku mmoja. Watoto wake ndio waliomlazimisha. Alikuja, lakini kila saa alitazama simu.

Harusi ilikwisha Jumamosi. Jumatatu asubuhi tukapanda treni ya PATH hadi World Trade Center, halafu tukaingia treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha High Street, upande wa Brooklyn. Binti ndiye aliyetushauri tuanzie upande huo, ili tunapotembea maghorofa ya Manhattan yawe mbele yetu, si mgongoni. Ushauri huo ulikuwa mwema.

Daraja linaloning'inia

Kabla ya kupanda darajani tulikwenda kwanza kwenye kijia cha matembezi kilicho ukingoni mwa mtaa wa Brooklyn Heights. Pana viti vya kukalia, na ukiketi hapo unaliona daraja kwa ubavu. Hapo ndipo mtu huelewa lilivyojengwa.

Daraja hili ni la kuning'inia. Maana yake ni kwamba katikati ya mto hakuna nguzo hata moja. Ipo minara miwili ya mawe, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 84 hivi kutoka majini. Kila mnara una matao mawili marefu yenye ncha juu, kama madirisha ya makanisa ya kale ya Ulaya. Kamba nne nene za feleji hupita juu ya minara hiyo, na ncha zake hushikiliwa nchi kavu na majengo mazito ya mawe. Barabara yenyewe imetundikwa kwenye kamba hizo, mithili ya nguo zilizoanikwa kwenye kamba uani. Kutoka mnara hadi mnara ni mita 486, na daraja zima ni kilometa 1.8 hivi. Meli hupita chini yake, kwa kuwa limeinuka mita 41 hivi juu ya maji.

Lilipofunguliwa mwaka 1883 lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya kuning'inia duniani. Leo yapo yaliyolizidi mara nyingi. Lakini ikumbukwe kwamba lilijengwa kabla ya gari la kwanza la petroli kuonekana barabarani, na mpaka leo magari yanapita juu yake mchana na usiku.

Kwa nini lilihitajika

Siku hizi Brooklyn ni sehemu ya Jiji la New York. Lakini hadi mwaka 1898 ulikuwa mji unaojitegemea. Kati yake na Manhattan unapita mkono wa bahari uitwao East River, wenye maji yaendayo kasi, na watu walivuka kwa pantoni. Msomaji anayevuka kila siku pale Likoni au Magogoni hahitaji kuelezwa shida ya foleni ya pantoni kwa mwenye mgonjwa, au kwa mama aliyeshikwa na uchungu. Wenzetu walikuwa na shida moja zaidi, nayo ni barafu. Katika majira ya baridi ya mwaka 1866 kuingia 1867 barafu iliufunga mto, pantoni zikakwama, na wananchi wakapiga kelele. Mwaka huo huo wa 1867 kibali cha kujenga daraja kikatolewa.

Kazi ya kulichora alipewa John Roebling, mhandisi aliyezaliwa Ujerumani na kuhamia Marekani. Huyu alikuwa bingwa wa madaraja ya kuning'inia. Hata hivyo, hakuona jiwe la kwanza likiwekwa.

Kidonda cha mguu

Mwaka 1869, mhandisi huyo alikuwa amesimama gatini akipima mahali pa kujenga mnara. Pantoni ikaja ikagonga gati, mguu wake ukabanwa na vidole vikapondeka. Daktari alivikata vidole hivyo. Lakini mzee alikuwa mtu wa msimamo. Hakutaka matibabu mengine ya daktari, bali aliamini tiba ya kumwagia maji kidonda. Wiki chache baadaye, mwezi Julai, alikufa kwa pepopunda.

Sisi wauguzi tuliposoma habari hiyo tulitazamana. Wakati ule chanjo ya pepopunda haikuwapo. Leo ipo, na kina mama wajawazito huchomwa ili kujikinga wao na watoto wao wachanga. Hata hivyo, bado twawaona watu wanaopaka kidonda majivu, mafuta ya taa au kinyesi cha ng'ombe. Kidonda chochote kilichoingia uchafu kioshwe vizuri kwa maji safi na sabuni, kisha mgonjwa apelekwe zahanati aangaliwe na apewe chanjo inapotakiwa. Bingwa wa madaraja alimalizwa na vidole vya mguu.

Ugonjwa wa chini ya mto

Kazi ikaangukia kwa mwanawe, Washington Roebling, aliyekuwa na umri wa miaka 32. Ujenzi ulianza Januari 1870.

Jambo gumu lilikuwa kuweka misingi ya minara chini ya mto. Walitengeneza masanduku makubwa mno ya mbao, yaitwayo kesoni. Sanduku hilo halina kitako. Ni kama bakuli lililofunikwa ndani ya maji. Hewa ilisukumwa ndani kwa nguvu ili maji yasiingie, na wafanyakazi waliteremka humo wakachimba matope na mawe kwa mikono. Huku juu mawe ya mnara yalizidi kuwekwa, na uzito wake ukalisukuma sanduku chini zaidi. Upande wa Brooklyn walifika mita 13 hivi, na upande wa Manhattan walifika mita 24. Masanduku hayo ya mbao yalijazwa zege, na hata leo yako palepale chini ya minara.

Kadiri walivyoteremka, ndivyo hewa ilivyozidi kukandamizwa, na ndivyo ugonjwa ulivyozidi. Mtu alifanya kazi vizuri, akapanda juu akiwa mzima, halafu baada ya muda mfupi akapatwa na maumivu makali ya viungo. Wengine walitapika, wengine walipooza miguu, na wengine walikufa. Hakuna aliyejua sababu.

Leo sababu inajulikana. Mtu akiwa ndani ya hewa iliyokandamizwa, gesi ya naitrojeni huyeyuka kwa wingi katika damu yake. Akipanda juu polepole, gesi hiyo hutoka kupitia mapafu bila madhara. Akipanda haraka, hufanya mapovu mwilini. Fikiria chupa ya soda. Ikiwa imefungwa huoni povu, lakini ukiifungua ghafula, soda yote huchemka. Mapovu hayo huziba mishipa na kuumiza neva. Wazamiaji wa baharini hufundishwa kupanda polepole kwa sababu hiyo hiyo, na anayepatwa hupewa oksijeni na kuwekwa katika chumba maalumu cha hewa iliyokandamizwa, kisha hurudishwa taratibu.

Washington Roebling hakuwa bosi wa kukaa ofisini. Aliteremka mara kwa mara pamoja na vibarua wake. Mwaka 1872 ugonjwa ulimwangusha. Maumivu, udhaifu na mishipa iliyochoka vilimfanya ashindwe kwenda kazini, na hata kuzungumza na watu wengi kwa wakati mmoja kulimshinda. Tangu hapo, kwa miaka kumi na moja iliyobaki, mhandisi mkuu wa daraja hakusimama tena mahali pa kazi. Katika miaka ya mwisho ya ujenzi alikaa dirishani mwa nyumba yake huko Columbia Heights, akitazama kwa darubini. Nyumba ile haipo tena, lakini kile kijia chenye viti kipo jirani na mahali iliposimama, na aliyeketi hapo hutazama kutoka upande ule ule alikotazama mgonjwa.

Mke wake

Mkewe aliitwa Emily Warren Roebling. Walioana mwaka 1865. Mume alipougua, Emily alikuwa na umri wa miaka 28 na mtoto mmoja wa kiume, mdogo bado.

Mwanzoni aliandika barua tu. Mume alitamka, naye akaandika maagizo ya kupeleka kwa wahandisi wasaidizi. Lakini barua huzaa maswali, na maswali hutaka majibu. Basi Emily akaanza kujifunza. Alisoma hesabu za juu, akajifunza nguvu za mawe na vyuma, namna ya kupima uzito, na namna kamba za nyaya zinavyotengenezwa. Karibu kila siku alikwenda darajani, akakagua kazi, akazungumza na wahandisi, akarudi nyumbani kutoa taarifa. Wakandarasi na maofisa waliofika nyumbani kuuliza jambo walijibiwa na yeye. Wapo walioamini kwamba mhandisi mwenyewe hasa ni huyo mama.

Mwaka 1882 baadhi ya wakubwa waliokuwa wakisimamia fedha za daraja walitaka kumwondoa Washington kazini, kwa madai kwamba mgonjwa hawezi kuongoza kazi kubwa hivyo. Suala likapigiwa kura. Alibaki kwa kura chache tu.

Na kazi yenyewe haikuwa na majaribu ya ugonjwa tu. Kila moja ya zile kamba nne kubwa imetengenezwa kwa nyaya nyembamba 5,434 zilizofungwa pamoja. Mwaka 1878 iligundulika kwamba mfanyabiashara aliyepewa zabuni ya nyaya alikuwa akionyesha waya mzuri kwa wakaguzi, kisha anapeleka ulio hafifu. Waya mwingi mbovu ulikuwa tayari umeshafungwa ndani ya kamba, na haukuweza kutolewa. Kilichookoa daraja ni kwamba tangu mwanzo lilikuwa limepangwa kuwa na nguvu mara kadhaa kuliko mzigo wake. Mhandisi alipiga hesabu upya, akaagiza kila kamba iongezewe nyaya kama 150, na gharama akatakiwa kuibeba mfanyabiashara. Waya ule mbovu umo humo hadi leo.

Kina mama tunaoweka akiba kwenye vikundi na kupanga bajeti za nyumba tunaelewa somo hilo. Mwizi huja siku usiyomtazamia. Nyumba iliyopangiwa kutumia shilingi yake ya mwisho huanguka siku hiyo, na iliyobakiza kidogo pembeni husimama.

Siku ya kufunguliwa

Daraja lilifunguliwa tarehe 24 Mei, 1883, likiwa limegharimu dola milioni 15 hivi na maisha ya watu zaidi ya 20. Inasimuliwa kwamba kabla ya siku hiyo Emily alikuwa wa kwanza kulivuka kwa gari la farasi, akiwa amepakata jogoo hai kama ishara ya ushindi. Siku yenyewe alikuwapo Rais Chester Arthur. Mhandisi mkuu alibaki nyumbani, na Rais akamfuata huko kumpa mkono. Watu kama 150,000 walivuka siku hiyo kwa miguu, kila mmoja akilipa senti moja.

Kati ya wazungumzaji wa siku ile, Abram Hewitt alimtaja Emily mbele ya umati. Alisema kwamba daraja ni ukumbusho wa moyo wa kujitolea wa mwanamke, na pia ni ushahidi wa uwezo wake katika elimu ya juu, ambayo wanawake walikuwa wamezuiwa kwa muda mrefu mno.

Siku sita tu baadaye palitokea msiba. Mwanamke mmoja alijikwaa kwenye ngazi katikati ya msongamano, watu wakapiga mayowe, uvumi ukaenea kwamba daraja linaanguka, na katika kukanyagana wakafa watu 12. Mwaka uliofuata, 1884, P. T. Barnum, mwenye sarakasi mashuhuri, alipitisha tembo 21 darajani, na watu wakaamini sasa kwamba daraja ni imara.

Mbele ya kibao

Tulipanda ngazi kwenye saa nne na nusu asubuhi. Njia ya waenda kwa miguu iko juu, katikati ya daraja, na magari yanapita chini yake kulia na kushoto. Sehemu kubwa imetandikwa mbao, na mtu akichungulia pembeni huona magari, na ng'ambo ya magari huona maji. Mmoja wetu aliyeogopa urefu alishika mkono wa mwenzake mpaka kwenye mnara wa kwanza. Upepo ulivuma, na vitenge tulivyojifunga tulivikaza.

Kwenye mnara huo wa Brooklyn kipo kibao cha shaba, kilichowekwa mwaka 1951 na chama cha wahandisi wa Brooklyn. Kinamtaja Emily, mumewe na baba mkwe wake. Kinasifu imani yake na ushujaa wake katika kumsaidia mume aliyeugua kumaliza daraja, na mwishoni kinasema kwa maneno yao kwamba nyuma ya kila kazi kubwa kuna mwanamke aliyejitoa.

Binti ndiye aliyetusomea kwa Kiswahili. Sisi watatu tulifurahi tukaanza kupanga kupigana picha. Dada Mkubwa hakusogea.

"Wameandika alijitoa," alisema. "Hawakuandika kwamba alijua hesabu."

Tukanyamaza. Mwenzetu mmoja akasema, "Dada, si ni sifa nzuri hiyo?"

"Ni nzuri. Mimi nasifiwa hivyo hivyo kila Jumapili. Mama umejitoa, mama Mungu atakulipa. Wakisha kunisifu wanakwenda kwao. Huyu alijitoa, sawa, lakini alisoma pia. Na mwangalieni mumewe. Hakumlaza kitandani akamnyang'anya kazi. Kila jioni alimletea kazi nyumbani, akamuuliza, baba nanihii, hapa tufanyeje?"

Katika uuguzi tunafundishwa kumgeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya mgongo, kumlisha, kumfanyisha mazoezi ya viungo. Hayo ni muhimu na hatuyapunguzi. Lakini tumewaona wagonjwa wa kiharusi waliogeuzwa vizuri, waliolishwa vizuri, na ambao hakuna mtu aliyewauliza swali lolote kwa miaka. Mtu aliyekuwa akiamua mambo ya nyumba anageuka kuwa kitu cha kuogeshwa. Ulimi wake ni mzito, jibu linachelewa, na watu wana haraka, basi wanaamua bila yeye. Huo nao ni ulemavu, tena huu huletwa na waliomzunguka.

Tulivuka taratibu hadi upande wa Manhattan, tukaketi kwenye bustani iliyo mbele ya jumba la halmashauri ya jiji. Dada Mkubwa akapiga simu nyumbani. Hapa ilikuwa inakaribia saa sita mchana, kule jua lilikuwa linazama. Mumewe alikuwa fundi seremala maisha yake yote. Nyumbani kwao walikuwa wakiezeka vyumba viwili vya kupangisha, na mashemeji walikuwa wameshakubaliana mbao za kenchi zinunuliwe wapi. Dada Mkubwa akaomba simu iwekwe sikioni mwa mgonjwa. Akamweleza yote, bei na aina ya mbao, kisha akasema, "Baba, wewe unasemaje?"

Tulisubiri. Kwa kuwa sauti ilikuwa imefunguliwa, tulisikia kuku na watoto uani, na yeye akivuta pumzi. Ilipita karibu dakika nzima. Mtu mwingine angekata simu.

"Zimekauka?" mzee akauliza.

Hakuna aliyekuwa amewauliza wauzaji. Dada Mkubwa akamwambia shemeji yake kwamba mbao zisinunuliwe mpaka baba apelekwe kwa kiti chake azishike mwenyewe. Shemeji alisita, akakubali.

Jambo la kuangalia

Lipo jambo moja zaidi katika historia hii, nasi hatupendi kulificha kwa sababu wasomaji wengi wa gazeti hili wanauguza.

Baada ya daraja Emily hakukaa kimya. Alifuata masomo ya sheria katika Chuo Kikuu cha New York akapata cheti mwaka 1899, na akaandika insha kuhusu haki ambazo sheria iliwanyima wanawake walioolewa. Lakini mwaka 1903 alifariki kwa saratani ya tumbo, akiwa na miaka 59. Washington, yule mgonjwa ambaye wengi walidhani hataishi kuliona daraja, aliishi hadi mwaka 1926. Alikufa akiwa na miaka 89, baada ya kuoa tena.

Hatusemi kwamba kuuguza ndiko kulikoleta saratani. Tunalosema ni kwamba tumezoea kumhesabu mgonjwa kuwa ndiye atakayetangulia, na anayemuuguza tunamchukulia kama mtu wa chuma. Mama anayeuguza hupuuza maumivu yake, hapimwi shinikizo la damu, hachunguzwi shingo ya kizazi wala matiti, kwa kuwa hana wa kumwachia mgonjwa. Kwa hiyo kina mama wa usharika wanapokwenda kumtembelea, wasipeleke sukari na nyimbo peke yake. Wawili wabaki na mgonjwa kutwa nzima, mwenye nyumba aende zahanati, au aende akalale tu. Umoja wetu tumeanza zamu hiyo, siku moja kwa wiki kwa kila nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu, na wakati tunaandika haya zinahudumiwa nyumba tano.

Mashauri kwa watakaokwenda

Kuvuka kwa mwendo wa kawaida huchukua dakika 30 hadi 45. Ukiwa na wazee au watoto, weka saa nzima na zaidi. Nenda asubuhi mapema, kwa sababu ikifika mchana watu ni wengi mno.

Vaa viatu vya chini vilivyozoea mguu wako. Mbao zina nafasi kati yake, na kisigino chembamba hunaswa. Chukua sweta hata kama chini kuna jua. Juu ya daraja hakuna choo, na tangu Januari 2024 wachuuzi hawaruhusiwi kuuza chochote juu yake, hivyo maji ya kunywa beba mwenyewe.

Baiskeli zilihamishiwa kwenye njia yake huko chini mwaka 2021, kwa hiyo mama mwenye mtoto anaweza kutembea bila wasiwasi. Kwa mwenye kiti cha magurudumu, asianzie kwenye ngazi kama sisi. Upo mteremko mrefu kila upande unaoanza usawa wa barabara.

Vijana wa siku hizi hufunga kufuli zenye majina yao darajani kama ishara ya mapenzi. Jambo hilo limekatazwa na lina faini, kwa kuwa uzito wa kufuli umewahi kuharibu nyaya. Waelezeni watoto wenu.

Mwisho, mkiwa katikati simameni kidogo mtazame upande wa kusini. Mtaiona Sanamu ya Uhuru, ndogo kabisa kwa umbali. Ilizinduliwa mwaka 1886, miaka mitatu baada ya daraja, kwa hiyo daraja ndilo kubwa kwa umri. Kisha rudini kwenye mnara wa Brooklyn mkitafute kibao. Hakikuwekwa mahali pa kupendeza na wengi hukipita. Kisomeni chote, na mwambieni aliye nanyi lile ambalo hakikuandika.